Hapana ya Adabu

Mikono ya moto haifai kwa skonzi. Mama alikuwa akisema hivyo, na mama yake kabla yake, na mimi naendelea kusema ingawa sina wa kumwambia. Asubuhi ile nilitumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji ya kisima mpaka vidole vikaniuma, nikajifuta, ndipo nikagusa siagi. Unaisugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, upesi upesi, mpaka ifanane na makombo ya mkate. Ukizubaa inayeyuka, na ikishayeyuka usijisumbue tena, nenda dukani kanunue biskuti kama wavivu wenzako.

Ilikuwa siku ya Misa ya zamu. Hapa kwetu Cork ya magharibi kila nyumba ya kitongoji hupata zamu yake: padri anakuja kusomea Misa kwenye meza yako ya jikoni, majirani wote wanajaa ndani, na baada ya Misa unawalisha. Zamu ikikaribia unapaka rangi hata pale pasipoonekana. Kuna mzee mmoja wa hapa alijenga choo kipya kizima kwa ajili ya padri, na padri mwenyewe hakwenda hata haja ndogo. Tulimcheka mzee wa watu mpaka akafa.

Safari hii zamu ilikuwa yetu, na ilinikuta roho juu. Mama tulimzika Februari ya mwaka uliopita. Nyumba na shamba vikaenda kwa mdogo wangu Fachtna, ambaye anakaa Dublin na ana mke, watoto, na meno mapya. Mimi nilizaliwa katika nyumba hii. Sikuolewa, sikwenda popote. Nilimuuguza Baba, kisha nikamuuguza Mama, nikamgeuza kitandani, nikamlisha kwa kijiko. Na tangu mazishi Fachtna alikuwa hajatamka lolote. Hajasema kaa, hajasema ondoka. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, sawa, lakini anayetaka ukae naye si aseme, jamani? Mwaka mzima nilikuwa nalala katika nyumba nisiyojua kama nitaamka nayo. Nina miaka sitini na miwili. Mtu aniambie nikaanze wapi.

Nikafanya kishimo katikati ya unga, nikatia yai na mtindi. Hapo unatumia kisu kuchanganya, si mwiko, na hukandi. Unga wa mkate unataka kupigwa, wa skonzi unataka kubembelezwa. Nikarushia zabibu kavu, nyingi, maana padri wetu Twomey ana tabia ya kuhesabu zabibu.

Philomena Crowley, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akaingia bila hodi akiwa na kikapu cha vikombe. Hakuna nyumba yenye vikombe vya kuwatosha watu wa Misa, kwa hiyo tunaazimana.

"Yesu, Maria na Yosefu! Gobnait, mmepaka rangi mpaka banda la kuku!"

"Si mimi. Fachtna kaleta mafundi."

"Fachtna? Fachtna huyu huyu mkono wa birika?"

"Huyo huyo. Nje na ndani. Hata bomba limeacha kuvuja, hebu lifungue."

Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. "Basi mwenzangu, mambo yako mazuri. Nani anapaka rangi nyumba halafu amtoe mtu? Huyo atakuuliza leo. Leo hii hii, baada ya Misa, mbele ya watu."

"Unadhani?"

"Lazima aulize! Asipouliza watu watamsema mpaka masikio yamuwashe kule kule Dublin. Na wewe utasema hapana..."

"Nitasema hapana?"

"Ebo! Si ndiyo desturi? Utasema, 'Ah, Fachtna, nitakuwa mzigo kwenu.' Atauliza tena. Utasema, 'Hapana, nyumba ni ya watoto wako.' Hapo mimi nitadakia, Padri atadakia, wote tutasema, 'Kubali bwana, Gobnait, usitusumbue,' nawe utakubali huku umeona haya. Mbona unaniangalia hivyo? Umekuwa mgeni leo?"

Mgeni? Naijua desturi kuliko yeye. Huku kwetu mtu hapokei kitu anapopewa mara ya kwanza. Hata chai. Ukiulizwa utakunywa chai ukajibu ndiyo palepale, watu wanadhani kwenu kuna njaa. Unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Wanakuuliza tena, unasema msijisumbue. Wakiuliza mara ya tatu unasema basi, nusu kikombe tu, halafu unavuta kiti na kumaliza birika zima. Mtoto anafundishwa haya kabla hajajua Baba Yetu, na mimi nilifundishwa kwa kofi. Nilikuwa mdogo, nikapokea kipande cha keki kwa kina Lehane kilipotolewa mara moja tu, na tulipofika nyumbani Mama akanizaba shavuni. "Umeniaibisha," akasema. "Watasema sikulishi."

"Mama nilimwambia hapana," nikamkumbusha Philomena.

Akaacha kupanga vikombe. "Najua, mwenzangu. Usiyarudie hayo leo."

Yeye peke yake ndiye niliyemwambia. Ilikuwa majira yale ya mwisho ya baridi. Mama kakaa kitandani na mito mgongoni, nami nimempelekea nusu skonzi na siagi, maana nzima ilikuwa inamshinda. Akatafuna, akanitazama, akasema, "Gobnait, labda nyumba hii ungeichukua wewe?" Hivyo tu. Jamani, nilijaa furaha mpaka kooni, na mdomo ukajisemea wenyewe, "Ah, hapana Mama, mpe Fachtna, ndiye mwenye watoto." Nikasimama pale na trei mkononi, nikingoja mara ya pili. Mama akasema, "Haya," akaomba chai.

Nikamletea chai. Nikakung'uta mito. Nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa, nikachochea moto usiohitaji kuchochewa. Hakuuliza tena. Kesho yake nikamtegea kwa kila njia: nikasema paa la zizi linavuja, nikasema dirisha la ngazini halifungi. Akasema Fachtna ataona. Kabla ya mwezi kwisha akafariki. Nikajiambia kwamba alikuwa amechoka, kwamba mgonjwa hana pumzi ya kuuliza mara tatu, na mimi mjinga nikataka heshima kutoka kwa mtu anayekata roho. Mwaka mzima nimejilaani kwa neno lile moja. Mama alitaka kunipa nyumba, mimi nikamkatalia kwa adabu.

"Leo sirudii," nikasema.

"Hurudii nini?"

"Akiniuliza, nakubali. Mara ya kwanza."

Philomena akacheka mpaka akajishika mbavu. "Thubutu! Wewe? Mbele ya Padri? Hata skonzi yako mwenyewe huli mpaka ubembelezwe!" Na akaendelea kupanga vikombe huku akitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia kichekesho cha kumtosha siku nzima.

Nikaubonyeza unga kwa viganja mpaka ukawa wa unene wa vidole viwili, nikachukua glasi, nikaichovya kwenye unga mkavu, nikaanza kukata. Glasi inashuka wima na kupanda wima. Ukiizungusha, skonzi inapanda upande mmoja. Zangu hazipandi upande. Nikazipanga kwenye trei zikikaribiana, nikazipaka yai juu, nikazifunika kwa kitambaa.

Fachtna akafika na mkewe, Orlaith, gari linang'aa utadhani limeramba siagi. Akanibusu. "Dada! Mbona huzeeki?"

"Nitazeeka saa ngapi nami nina nyumba ya kusafisha?" nikamjibu, na nikamtazama machoni niliposema nyumba. Akacheka, akasema skonzi zinanukia, na bado hazijaingia hata motoni.

Orlaith hali unga, hali sukari, hali maziwa. Sijui anakula nini, ila anashiba, maana mashavu anayo. Alizunguka jikoni na simu yake akipiga picha: jiko la chuma, dirisha, sakafu ya mawe, mlango wa chumba cha Mama. "Mwanga wa hapa ni mzuri kweli," akasema. Nikafurahi. Nikamsogezea kiti kisimharibie picha.

Watu wakaja, viatu vimepigwa kiwi, wakabanana jikoni na ushorobani. Wanaume wakajikusanya mlangoni kama kawaida yao, kana kwamba Misa ni mvua na wao wamejibanza tu ipite. Padri Twomey akavalia kanzu yake katika chumba cha Mama, akaja akasimama nyuma ya meza yangu. Aliposimama kusoma Injili nikasogea polepole hadi kwenye jiko la chuma, nikatia trei kwenye oveni. Nilijua ninachofanya. Harufu ilipoanza kutoka, Padri alikuwa katikati ya mahubiri. Akanyamaza, akameza mate, akasema mengine Bwana anayajua, tusimame tusali. Jirani yetu Con Lehane akacheka kwa pua, na mkewe akampiga kiwiko.

Padri akamwombea Mama kwa jina lake. Watu wakaitikia. Mimi niliinamisha kichwa kama wengine, lakini sikuwa naombea roho ya mtu. Niliomba Fachtna afungue mdomo.

Baada ya Misa nikafungua oveni. Zilipanda, jamani! Zimesimama wima, zimepasuka kidogo ubavuni pale pa kupasulia, rangi ya asali juu. Nikazilaza kwenye kitambaa, nikaleta siagi, jamu ya rasiberi niliyopika mwenyewe, na krimu. Chai ikamiminwa. Kila mtu alikataa, kila mtu alibembelezwa, kila mtu akala. Padri alikula tatu akisema kila moja ni ya mwisho. Philomena alikuwa ananikonyeza kutoka kwenye kona ya kabati na kunielekezea kidevu kwa Fachtna.

Ndipo Fachtna akagonga kikombe kwa kijiko.

"Padri, majirani," akasema, "asanteni kwa kuja. Mama angefurahi. Na kuna jambo nataka kulisema mbele yenu." Akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito na wa joto. "Dada yangu huyu amemuuguza Baba, amemuuguza Mama. Nyumba hii ni yake kama ilivyo yangu. Gobnait, nasema mbele ya Padri: ukitaka kukaa hapa mpaka mwisho wa maisha yako, kaa. Ni neno lako tu."

Wanawake wakasema, "Aaah." Mtu akavuta kamasi. Nikamwona Philomena anavuta pumzi, tayari kudakia.

Naapa hapana ile ilikuja yenyewe. Ilipanda mpaka kwenye meno, na sauti yake, na tabasamu lake, na ule mkono wa kupungia hewani unaokwenda nayo. Nikaikaba.

"Nataka," nikasema. "Nakaa. Asante sana, Fachtna."

Con Lehane alikuwa ameinua skonzi kuipeleka mdomoni, ikabaki hapo hapo. Philomena akabaki na pumzi yake kifuani, hana pa kuitoa. Mkono wa Fachtna ulibaki begani kwangu, lakini ulikuwa kama umesahauliwa pale.

"Ah," akasema. "Ah, vizuri. Ila dada, usijione umelazimishwa."

"Sijalazimishwa."

"Nyumba ni kubwa hii. Na baridi yake, unaijua."

"Naijua. Nimekaa nayo miaka yote."

"Ungefikiri kwanza, lakini. Si lazima ujibu leo. Una hakika kweli unataka?"

Alikuwa ananiomba hapana. Alikuwa anaiomba kwa macho, mbele ya watu, kama mtoto anayeomba peremende. Ndugu yangu, ambaye hajawahi kuniuliza jambo mara mbili tangu azaliwe, sasa ananiuliza mara ya pili.

"Nina hakika," nikasema. "Na Padri amesikia. Si umesikia, Padri?"

Padri Twomey alitazama sahani yake. "Mmm," akasema. "Siagi hii ni ya hapa hapa?"

"Gobnait anatania!" Philomena akapasuka kicheko. "Mnamjua Gobnait!" Watu wakashukuru, wakacheka naye.

"Sitanii," nikasema, na kicheko kikazimika.

Nilikasirika. Nasema wazi, hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Watu walewale waliosema aaah sasa wanaangalia viatu vyao. Nikachukua sahani kubwa ya skonzi, nikaanza kuizungusha.

"Padri, ongeza nyingine."

"Ah, hapana, hapana Gobnait, nimeshiba," akasema, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyanyuka.

"Haya," nikasema, nikapita.

Mungu anisamehe, ule uso! Nikaenda kwa Con. "Con, nyingine?" "Ah, sidhani." "Haya." Nikaenda kwa mkewe, nikaenda kwa wa mlangoni, kila mmoja akakataa kwa adabu, na kila mmoja nikamkubalia papo hapo. Nikarudisha sahani mezani ikiwa imejaa vilevile. Haikupita muda watu wakakumbuka ng'ombe wao. Padri akakumbuka mgonjwa.

Philomena akawa wa mwisho. Alikuwa anakusanya vikombe vyake bila kuviosha, anavigonganisha ndani ya kikapu.

"Umemweka mtoto wa watu pabaya," akasema, hanitazami.

"Ameniuliza, Philomena. Umesikia kwa masikio yako."

"Ameuliza, ndiyo. Kuuliza ni juu yake. Kukataa ni juu yako."

"Na kunipa ni juu ya nani?"

"Sijui. Lakini si kumpora mtu namna ile, mbele ya Padri, na mate yanakutoka! Hata hukungoja amalize! Mimi nilikuwa tayari, Gobnait. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wa kukusaidia. Ungengoja kidogo tu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli, kama mimi ndiye niliyemwibia. "Watu watasema nini? Mama yako hakuwa hivi."

Akaondoka, kikapu kinalia njia nzima mpaka ng'ambo ya barabara. Urafiki wa tangu shule, na hakusema kwaheri.

Orlaith alikuwa ameshaingia garini. Fachtna akarudi ndani peke yake, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Dada, kwa nini umenifanyia vile?"

"Nimekufanyia nini? Umenipa, nimepokea."

"Mbele ya watu wote!"

"Watu umewaita wewe, na kijiko umegonga wewe."

Akavuta kiti, akakaa, akajishika kichwa. Kwa muda alionekana mdogo, kama alivyokuwa akirudi kutoka shule na alama mbaya na kuja kwangu kwanza, siyo kwa Mama. Karibu nimwonee huruma.

"Nyumba imeshauzwa, Gobnait."

Nikamwangalia.

"Kuna watu wa Dublin, marafiki wa Orlaith. Wanataka mahali pa likizo. Tumeshakubaliana. Mwisho wa mwezi wanapewa funguo."

Ndipo nikaielewa rangi. Nikalielewa bomba, nikazielewa na picha, na mwanga mzuri wa hapa. Na mimi nilikuwa nimemsogezea kiti!

"Sasa uliniuliza kwa nini?"

"Kwa sababu lazima mtu aulize!" akafoka. "Ningeuzaje nyumba bila kukuuliza? Wangenitazamaje? Nilijua utasema hapana. Ningekuuliza tena, ungesema hapana, ningesema basi, dada hataki, nitamtafutia mahali pazuri mjini, na kila mtu angekwenda kwake na amani. Na nimeshakutafutia! Chumba kizuri, kina joto, karibu na kanisa. Hakuna mtu anayekubali, Gobnait. Katika maisha yangu sijamwona hata mmoja."

"Muungwana ni kitendo, Fachtna."

"Usinihubirie."

"Sikuhubirii. Nakwambia wewe ni mwongo, na umedanganya mbele ya meza iliyosomewa Misa, na chai bado ya moto."

"Nimefanya kama anavyofanya kila mtu!"

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinichoma. Nikatafuta kitu cha kumrudishia, kitu kitakachomuuma, na nilikuwa nacho kimoja tu. Nilikuwa nimekitunza mwaka mzima.

"Nyumba hii Mama alitaka kunipa mimi," nikasema. "Hilo hulijui. Aliniuliza kwa mdomo wake, pale chumbani, mimi nikasema hapana kwa adabu zangu. Ningesema ndiyo siku ile, leo ungekuwa mgeni wangu. Wewe na Orlaith wako. Mngekuwa mnaniomba chai."

Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Najua alikuuliza," akasema. "Alinipigia simu kesho yake."

"Akasema nini?"

"Achana nayo, dada. Marehemu tumwache apumzike."

"Akasema nini, Fachtna?"

Akasimama, akaenda dirishani, akaongea akinipa mgongo. "Nyumba iliandikwa jina langu tangu mwaka niliooa. Mama na Baba walikwenda kwa wakili wenyewe, wiki ileile ya harusi. Wewe ulikuwa hapa unaoka keki. Kwa hiyo hata hakuwa na nyumba ya kumpa mtu. Alikuuliza kwa sababu... alisema ni haki kuuliza. Alisema hataki akifa useme hukuulizwa."

Nilikaa.

"Na ningesema ndiyo?"

"Hungesema."

"Leo nimesema! Umenisikia nikisema! Ningesema ndiyo siku ile, angefanya nini? Angenijibu nini?"

"Nilimuuliza hivyohivyo," Fachtna akasema. "Nilimwambia, Mama, ulikuwa unacheza na moto, je, kama angekubali?" "Alicheka. Akasema, 'Gobnait? Gobnait hawezi. Nimemlea mwenyewe.'"

Nje gari likapiga honi mara moja, fupi, ya heshima. Fachtna akachukua koti lake. Akasema atanipigia simu kuhusu chumba cha mjini, akasema samahani, akasema nijitunze. Akaenda zake.

Nimeshahama sasa. Philomena hajanitembelea, na nasikia kitongoji kizima kinasema Gobnait alimwaibisha mdogo wake mbele ya Padri. Waseme. Linaloniuma si hilo, wala si kuta zile. Mwaka mzima nilijilaani kwa hapana yangu ya adabu, na kumbe laana ile ilikuwa inanifariji, kwa sababu maadamu kosa lilikuwa langu, basi Mama alitaka kunipa. Sasa hata hilo kosa si langu tena.